Orodha ya Kwenda kwa Mama

Mpaka leo sabuni ya mche naikata kwa uzi, si kwa kisu. Unazungusha uzi kiunoni mwa mche, unavuta ncha zake mbili taratibu, na kipande kinaachana na kingine bila kumeguka. Harufu inayotoka hapo hunirudisha mbali kabla sijakumbuka kwa nini. Wiki iliyopita nilikuwa jikoni nikikata hivyo binti yangu aliponipigia simu. Amepata likizo, anataka kuwapeleka watoto mahali wapumzike, na sauti yake ilikuwa karibu na machozi. Ana karatasi tatu za mambo ya kukumbuka, alisema, na kila akifuta moja yanaingia mawili. "Mama, nimechoka na safari ambayo hata sijaianza."

Nilimwambia akae chini kwanza anywe chai. Kisha nikamwahidi kwamba nitamwandikia, kwa sababu jambo lenyewe nililifahamu tangu utotoni na kwenye simu ningeliharakisha. Wenzangu wa rika langu mnaweza kulisoma pia. Huenda nanyi mlikuwa watoto wa namna yangu, waliodhani kwamba ukisahau kitu kimoja tu, mlango utafungwa ukiwa bado nje.

Nililelewa na Dani. Ndivyo tunavyomwita nyanya mzaa baba. Boma letu lilikuwa Uriri, kwenye mteremko unaoangalia mashamba ya mtama, na nyumba ya Dani ilikuwa ndiyo nyumba ya kulala wasichana wa boma zima, kama desturi ilivyotaka. Zamani, aliniambia, walilala humo wasichana saba, wakicheka mpaka akawarushia kuni. Mimi nilipofika umri wa kuhamia kwake, wote walikuwa wameshaolewa. Alama za mikeka yao zilibaki kwenye sakafu ya udongo, sehemu zilizolainika kuliko nyingine, na mimi nilitandika wangu katikati, kama mtu aliyefika harusini siku ya pili yake.

Baba alifariki nikiwa na miaka sita hivi. Mwaka haukuisha, mama akaenda Homa Bay. Wazee walikuwa wamemchagulia mwanamume wa ukoo wa kumrithi, naye hakumtaka. Na kwetu mtoto ni wa boma la baba yake, hafuatani na mama. Hayo niliyaelewa baadaye sana. Wakati ule nilijua tu kwamba nilitoka mtoni na kibuyu changu, nikakuta nyumba yetu imefagiwa vizuri kuliko kawaida na hamna mtu. Niliendelea kusimama pale mlangoni, maji yakinidondokea mgongoni, nikingoja wenye nyumba.

Mama alipata kazi ya kufua mashuka katika nyumba ya wageni karibu na gati, kule meli za ziwani zilikokuwa zinatia nanga. Alituma salamu kupitia Mama Dorka, muuza samaki aliyekuwa akija soko la Uriri na omena na ngege, samaki wa ziwani waliokaushwa, kisha akirudi Homa Bay. Mama Dorka alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, anayenuka moshi na ziwa. Kwangu harufu ya samaki mkavu ilikuwa ndiyo harufu ya habari za mama. Salamu zilikuwa zilezile kila mara: mama mzima, anauliza kama unasoma. Nami nilijibu kwamba nasoma. Hivyo ndivyo tulivyozungumza, mama na mimi, kwa miaka mitatu.

Nilipokuwa darasa la nne, mwaka ambao tulikuwa bado tunafundishwa maneno ya wimbo mpya wa taifa, Mama Dorka alinipa barua kutoka ndani ya kikapu cha omena. Ilikuwa fupi. Shule ikifungwa mwezi wa nane, mama aliandika, niende Homa Bay nikakae naye likizo yote. Mama Dorka atanichukua siku ya soko, Jumamosi ya kwanza. Dani akikubali.

Niliisoma kwa sauti. Dani alikuwa anapepeta mtama. Hakuacha kupepeta.

"Nani atakataa mtoto amwone mama yake," alisema. "Utaenda."

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia, katika furaha. Juma hilohilo mwalimu alitupa insha ya kuandika, jinsi tutakavyoitumia likizo. Alitembea kati ya madawati akisema kwamba mtu mwerevu hupanga mapema, na kwamba mpango mzuri ni ule ambao hausahau kitu. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa kusema mambo mazuri kwa urahisi, na sidhani kama aliwaza tena juu ya sentensi ile. Mimi niliibeba kama yai. Mpango mzuri hausahau kitu. Kwa hiyo, nilijiambia, nikisahau kitu, mpango utakuwa mbaya, na mpango ukiwa mbaya sitaenda.

Nilianza orodha kwenye kurasa za mwisho za daftari la hesabu. Magauni mawili. Kipande cha sabuni. Kikombe cha bati. Kisha nikafikiri: kama kuna kikombe, je, sahani? Na kijiko? Na kama mama ana kitanda kimoja, mimi nitalala juu ya nini? Nikaandika mkeka. Blanketi. Kila jibu lilizaa swali, na kila swali liliandikwa. Kama Homa Bay hakuna kibuyu cha kuchotea maji, je? Kama mama atataka kuona alama zangu za mwaka jana, na za mwaka juzi? Nikaandika madaftari yote. Nikaandika jembe langu dogo, kwa sababu huenda mama ana kashamba nyuma ya nyumba na angehitaji msaada.

Orodha ya vitu ilipokaribia kuisha nilianza ya siku, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nilihesabu kwenye kalenda ya shule, nikapata siku ishirini na nane. Siku ya kwanza: nimsalimie mama. Siku ya pili: nimsomee. Siku ya tatu: tuone meli. Siku ya nne: nimpikie. Baada ya hapo kalamu ilisimama. Sikumjua mama vya kutosha kuweza kujaza siku ishirini na nne zilizobaki. Niliikumbuka mikono yake, na kikohozi alichokuwa nacho asubuhi kabla ya kuwasha moto, lakini sikujua anapenda kuzungumza nini. Niliogopa kwamba siku ya tano tutakaa tukitazamana kama watu wawili waliopanga foleni moja. Kwa hiyo nikaanza kukusanya maneno. Siku ya tisa: nimwambie kuhusu ng'ombe wetu aliyezaa pacha. Siku ya kumi na moja: nimwulize kama baba alikuwa anaimba.

Uji wangu ulipoa nikiandika. Shuleni, jirani yangu wa dawati, msichana mmoja mtundu anayeitwa Auma, alichungulia daftari langu akaanza kucheka taratibu.

"Jembe? Unaenda kwa mama yako au unaenda kufungua shamba la mzungu?"

"Ni kama litahitajika."

"Na kuku je? Umeandika kuku?"

Sikuwa nimeandika kuku. Nilimwangalia, naye akaona kwamba naifikiria hiyo habari ya kuku kwa dhati, akaacha kucheka.

Jumamosi ikiwa bado siku nane, nilianza kufunga mizigo ili nione kama vyote vitaingia. Nilichukua gunia safi, nikapanga. Mkeka nilikuwa nimeukunja na kuufunga kwa kamba ya katani, nikausimamisha kando ya mlango. Dani aliingia na kuni. Aliona gunia, akapita. Aliona mkeka, akasimama.

"Na mkeka?"

"Naenda nao, Dani."

Aliweka kuni chini, moja moja. "Haya," alisema.

Tangu saa ile kitu kilibadilika ndani ya nyumba, kama maziwa yanavyobadilika kabla hujayaonja. Dani hakunigombeza. Alinipa uji asubuhi, aliniambia nifunge mlango wa zizi, alinipaka mafuta miguuni. Lakini hadithi za jioni ziliisha. Nikimwuliza kitu alijibu swali hilo tu, hakuongeza. Siku moja alisonga ugali mdogo kiasi kwamba ulikaa katikati ya sahani kama sabuni iliyotumika.

"Dani, unga umekwisha?"

"Unga upo. Nilikuwa najizoeza."

Sikuelewa anajizoeza nini. Nililala juu ya gunia jingine kuukuu, mkeka ukiwa umefungwa tayari, nikitafuta kosa langu. Nikaamua kwamba ni mkeka. Ulikuwa mkuukuu, ukingo wake mmoja umeliwa na panya, na Dani alikuwa mtu wa heshima. Bila shaka aliona aibu kwamba nitauonyesha watu wa mjini. Kumbe ndiyo sababu alisimama akiutazama vile. Basi nikaupeleka mtoni, nikausugua kwa mchanga na kwa kile kipande cha sabuni nilichokuwa nimetengewa kwa safari, mpaka mafunjo yakarudisha rangi yake. Na kwa kuwa nilikuwa nimeamua kurekebisha, nikarekebisha kabisa. Dani alikuwa amenifinyangia chungu kidogo cha maji ya kunywa, changu peke yangu, chenye mistari shingoni. Nikakitia kwenye gunia ili ajue kwamba nakithamini.

Alipokiona chungu ndani ya gunia, alitoka nje. Alikaa kwenye kibaraza akiutazama mtama mpaka kuku wakaingia wenyewe.

Nataka mwelewe jambo hili vizuri, kwa hiyo nitakwenda polepole. Mimi nilikuwa naona mtu asiyeridhika na maandalizi yangu. Kwa hiyo niliongeza maandalizi. Kadiri alivyonyamaza ndivyo nilivyoongeza, na kadiri nilivyoongeza ndivyo alivyonyamaza. Ningekuwa na siku nyingine kumi ningepakia na mafiga.

Mkeka ulikuwa unakauka kwenye ua wa minyaa Baba Mdogo alipopita. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu baba, ndiye mwanamume wa boma, na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Alikuwa na desturi ya kusimama akiegemea mkuki usiokuwepo, mkono mmoja juu hewani.

"Mkeka wa nani unaogeshwa namna hiyo?"

"Wangu, Baba. Nasafiri nao Jumamosi."

"Unasafiri nao."

"Ndiyo, Baba. Na chungu."

Mkono wake ulishuka. Aliingia kwa Dani bila kubisha hodi. Nilisikia sauti yake, kisha nikasikia kimya cha Dani, ambacho kwa wakati huo nilikuwa nimeshakizoea. Alipotoka hakunitazama.

"Huendi," alisema. "Yule muuza samaki apite na samaki wake. Mtoto wa boma hili hahamishwi kwa barua."

Sikulia papo hapo. Watoto wengine wangelia, mimi nilifikiri. Nilifikiri: ameniuliza juu ya mkeka na chungu tu, hajui kwamba nina vingine vyote. Anadhani nimepanga vibaya. Nikakimbia nikaleta daftari la hesabu. Dani alikuwa ameshatoka na kusimama kibarazani, na Baba Mdogo alikuwa anaondoka. Nikasimama mbele yake njiani nikafungua kurasa za mwisho.

"Baba, sijasahau kitu," nilisema. "Sikiliza tu."

Nikasoma. Nilisoma jinsi tulivyofundishwa kusoma, mikono imenyooka, sauti juu. Magauni mawili, sabuni, kikombe, sahani, kijiko, mkeka, blanketi. Nilipofika kwenye jembe alimgeukia Dani. Nikasoma madaftari, kibuyu, kamba ya kuanikia. Kisha siku. Siku ya kwanza, nimsalimie mama. Siku ya pili, nimsomee. Nilikuwa nimezijaza zote hatimaye, hata zile ngumu. Siku ya tisa, ng'ombe aliyezaa pacha. Siku ya kumi na moja, nimwulize kama baba alikuwa anaimba. Nilipunguza sauti kuanzia siku ya kumi na tano, maana hapo nilikuwa nimeandika "tukae kimya kidogo", na niliposikia neno hilo nje hewani nilijua kwamba hakuna mtu anayepanga vitu kama hivyo. Lakini niliendelea. Siku ya ishirini na saba, nifue nguo zangu. Siku ya ishirini na nane, nirudi kwa Dani tupande karanga, kwa sababu mgongo wake hauinami.

Nikafunga daftari.

"Soma tena," alisema Dani.

"Yote?"

"Hiyo ya mwisho."

Nikasoma tena. Siku ya ishirini na nane, nirudi kwa Dani tupande karanga.

Dani alimtazama Baba Mdogo. Baba Mdogo aliutazama ua wa minyaa, kisha kidole chake cha mguu.

"Sasa kwa nini hukuanza na hiyo?" aliniuliza, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayejitetea shaurini.

"Kwa sababu ndiyo ya mwisho, Baba."

"Mwana wa shule," alisema Dani. "Njoo."

Alinipeleka ndani, akafungua gunia, akaanza kutoa kimoja kimoja na kukipanga sakafuni. Alipofika kwenye mkeka, uliokuwa bado na unyevu, aliukunjua akautandika pale pale ulipokuwa siku zote, katikati ya alama za mikeka ya wasichana saba. Akakaa juu yake, miguu imenyooka mbele.

"Mwanamke wa kwetu akienda kusalimia wazazi hubeba kikapu," alisema. "Mtu akimwona na kikapu anamwuliza, utarudi lini? Akimwona na mkeka kichwani hamwulizi kitu. Anamtuma mtoto akamwite mumewe shambani. Unaelewa?"

Nilitikisa kichwa, sikuelewa.

"Mkeka ni wa kulala ulipo. Ukiubeba, umehama. Ukibeba na chungu, umehama na umekasirika." Aliupapasa ukingo ulioliwa na panya. "Mama yako aliondoka na mkeka wake. Nilisimama hapo mlangoni. Sikumlaumu, lakini niliuona."

Sikuwa najua kwamba kulikuwa na mtu aliyemwona mama akiondoka. Siku zote nilidhani alikwenda wakati watu wote wako mtoni kama mimi.

"Dani," nilisema, "ulidhani sirudi?"

"Nilikuwa najizoeza," alisema. Kisha alicheka kidogo, akajipangusa pua kwa ncha ya leso. "Na kuku ulisahau."

"Auma alinikumbusha."

"Auma ana mama na baba, usimsikilize."

Binti yangu, na nyote mnaosoma, haya ndiyo niliyotaka kuwaambia kuhusu kupanga. Jioni ile Dani alinifundisha kwa maneno machache, akiwa bado amekaa juu ya mkeka wangu. Safari, alisema, hushikwa kwa mkia. Kwanza mtu ajue siku ya kurudi, na huko atakakorudi kuna nani. Akishaijua hiyo, awaambie anaowaacha, kabla hajagusa kikapu. Mengine yote yanapungua yenyewe, kwa sababu unapakia kwa ajili ya siku zenye ukingo, si kwa ajili ya maisha yote. Mimi nilikuwa napakia kwa ajili ya maisha yote bila kujua. Kila kitu niliogopa kukosa, kwa hiyo kila kitu nilikibeba, na mzigo ukawa unawaambia watu jambo ambalo mdomo wangu haukusema.

Kwa hiyo usianze na ile karatasi ya kwanza. Anza na siku ya kurudi nyumbani, uiandike juu kabisa. Halafu jiulize utakapofika huko unakoenda, utahitaji nini siku ya kwanza tu. Ya pili itajipanga. Hutasahau kitu cha maana, na ukisahau, watu wana vikombe huko.

Vitu vilivyobaki vilitosha kwenye kikapu kimoja: gauni la pili, daftari moja, si lile la hesabu, karanga za kukaanga za kumpelekea mama zikiwa zimefungwa kwenye jani la mgomba, na kipande kipya cha sabuni. Cha kwanza nilikuwa nimekimaliza kwenye mkeka. Dani alikikata kingine kwa uzi, akinishikisha ncha moja nivute naye. Baba Mdogo alikuja Jumamosi asubuhi kunisindikiza mpaka sokoni, akakibeba kikapu changu yeye mwenyewe, mwanamume mzima, njia yote, na watu waliposhangaa aliwaambia kwa sauti, "Anakwenda kusalimia. Anarudi kupanda karanga."

Mama Dorka alinitazama juu hadi chini. "Huo ndio mzigo wote?"

"Ndio."

"Mimi nilikuja nimejiandaa kubeba nyumba," alisema. Hakucheka aliposema hivyo, na mimi sikujiuliza kwa nini alijiandaa.

Basi lilitufikisha Rongo. Kutoka Rongo tulipata lori la mizigo lililokuwa linarudi Homa Bay, tukakaa mbele na dereva, vikapu vitupu vya samaki vikirukaruka nyuma yetu. Nilikuwa mwepesi sana. Nakumbuka wepesi ule, mikono haina cha kushika. Niliuona mlima wenye ncha kwanza, kisha ziwa likatokea chini yake, pana kiasi kwamba nilidhani ni anga limeanguka upande huo. Nilijirudia moyoni: siku ya kwanza, nimsalimie mama. Hilo tu. Nitamsalimia.

Alikuwa nyuma ya ile nyumba ya wageni, katikati ya mashuka meupe yaliyoanikwa, na alipoyasukuma kando kupita niliiona mikono yake kwanza. Ilikuwa imekunjamana na kupauka kwa maji. Alinishika mabega, akasema nimekuwa mrefu, akasema nafanana na baba yangu paji la uso. Nilimsalimia. Kisha macho yake yalipita juu ya bega langu, yakamfikia Mama Dorka, yakarudi kwenye kikapu changu, yakaenda langoni na kungoja pale.

"Mizigo mingine iko kwenye lori?" aliuliza.

"Hakuna mingine, Mama. Ni hiki."

Mama Dorka aliinama akaanza kupanga vikapu vyake, ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

"Ni hiki," mama alisema.

Alinipeleka chumbani kwake, chumba kimoja upande wa ua chenye kitanda cha kamba na jiko la makaa mlangoni. Kando ya ukuta, upande wa pili wa kitanda, sakafu ilikuwa imesafishwa na kuachwa wazi, upana wa mkeka wa mtoto. Hakuna kilichowekwa hapo, hata ndoo. Mama aliona ninapoangalia, akaisogeza ndoo ya maji kwa mguu mpaka ikakaa kwenye nafasi ile.

"Tutalala kitandani wote wawili," alisema. "Kunatosha."

"Ndiyo, Mama."

Alichuchumaa mbele ya jiko akaanza kupuliza makaa. Alikohoa kile kikohozi ninachokijua. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, nikitafuta la kusema, na yote niliyoyaandika kwa siku ishirini na nane yalikuwa yamebaki Uriri, kwenye kurasa za mwisho za daftari la hesabu.

"Umekuja kwa siku ngapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Ishirini na nane."

"Ni nyingi," alisema mama. Alipuliza tena, ingawa makaa yalikuwa yameshashika. "Toa nguo zako zisikunjamane. Utaona mahali ukutani."

Niligeuka. Alikuwa amepiga misumari chini, kimo changu, ili nifikie bila kupanda juu ya kitu, na ilikuwa mipya, bado inang'aa. Nilitoa gauni langu la pili nikalitundika kwenye msumari wa kwanza. Kulikuwa na misumari mitano.